Pua Mbichi

Mbwa yule aliingia nyumbani kwetu kwa kosa langu, na kosa lenyewe lilikuwa kuamini kwamba mbwa wa kuwinda lazima awe mkali. Wenyewe walikuwa mke na mume, wageni kutoka Ulaya, waliokaa miaka michache kwenye nyumba ya zamani ya mawe huku kwetu Kwai wakifundisha watu kutunza udongo wa milimani. Mimi nilikuwa nawapelekea maziwa kila asubuhi. Siku moja walipata habari za ugonjwa kwao, wakalazimika kurudi haraka, na mbwa hakuwa na namna ya kusafiri nao. Mume akaniuliza kama ninaweza kumchukua. Akanieleza kwamba ni aina inayoitwa bigo, na kwamba tangu enzi za babu zao imekuzwa kwa ajili ya kuwinda tu. Sikuuliza kuwinda nini. Akilini niliwaona nguruwe pori wakikimbia kutoka shambani kwangu mikia ikiwa juu, nikasema nitamchukua.

Kwa mkulima wa viazi wa huku, nguruwe pori hana haja ya maelezo marefu. Anatoka msituni, analima shamba lako kuliko ulivyolilima wewe, anaondoka. Shamba langu la juu linapakana na msitu, na misimu miwili mfululizo nilikuwa nimevuna mabaki yao. Kwa hiyo nilimfunga mbwa kamba shingoni, nikatembea naye hadi nyumbani nikijiona mtu aliyefanya jambo la akili.

Wakati huo baba alikuwa amehamia kwangu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sisi watoto wao wawili, mimi na mdogo wangu anayeishi Mlola, tulivutana kidogo, kwa adabu, juu ya nani akae na mzee. Nilishinda kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Sitaki kujifanya mwema. Nilimtaka baba kwa sababu nampenda, na nilimtaka pia kwa sababu mtu anayekaa na baba yake huangaliwa kwa jicho jingine msikitini.

Baba alikuwa amefundisha madrasa maisha yake yote. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yalikuwa hukumu: hiki kinafaa, kile hakifai. Alimtazama mbwa kutoka kizingitini, akauliza ni wa kazi gani. Nikamwambia wa kulinda shamba. Akasema mbwa wa shamba anaruhusiwa, wa mifugo anaruhusiwa, wa kuwinda anaruhusiwa. Wa kuchezea haruhusiwi, na huyu akishindwa kazi itabidi aondoke. Nikajibu kwamba hatashindwa.

Alikuwa mbwa mdogo, kichwa chake hakikufika gotini kwangu. Mgongo mweusi, kichwa cha kahawia, miguu na tumbo vyeupe, na ncha ya mkia nyeupe pia, ambayo aliibeba wima kiasi kwamba akiingia kwenye majani ya gwatemala tunayolishia ng'ombe ulikuwa unaona kitu cheupe kinaelea tu. Masikio yake yalikuwa makubwa, laini, yamelala pembeni mwa mashavu. Macho yake ndiyo yaliyowahadaa watu wengi. Yalikuwa ya mtu aliyefiwa na ambaye pia hajala tangu juzi. Mke wangu, ambaye hana huruma ya bure, alimpa ugali mara mbili siku ile ya kwanza kabla hajatambua kwamba macho yale hayabadiliki hata baada ya kushiba.

Nilikuwa nimeshazoea mbwa wetu wa huku, wale wa rangi ya mchanga, ambao ukiwafokea mara moja wanakujua wewe ni nani na wao ni nani. Huyu hakuwa hivyo. Ukimfokea alikaa chini, akakusikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, halafu akaenda kufanya kile kile. Hakuwa na kiburi na wala hakuwa mjinga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa na bwana mmoja tu, na bwana huyo alikuwa pua yake. Harufu ikishaingia puani, masikio yalikuwa kama yameziba. Ungeweza kusimama hatua tatu nyuma yake ukiita hadi koo likauke, naye anafuata mstari wake ardhini, kichwa chini, mkia juu, kama fundi anayefuata kamba.

Bwana wa pili, nikitafakari vizuri, alikuwa tumbo. Alikula maparachichi yaliyoanguka, alikula plamu mpaka akaharisha, kesho yake akala tena. Alijifunza kufungua mlango wa mbao wa jiko letu la nje kwa kuinua kitasa na pua. Mke wangu akaanza kuweka jiwe juu ya mfuniko wa sufuria ya kande, na mbwa akajifunza kwamba jiwe likisukumwa linaanguka. Alikuwa mbwa wa kwanza niliyewahi kumwona ambaye alikuwa anafikiri, tena anafikiri sana, ila aliwaza jambo moja tu.

Na alipenda watu. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka mapema. Hakubagua. Alimpokea bwana mifugo aliyekuja kumchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, akampokea tena mwaka uliofuata kwa furaha ile ile, kana kwamba hakuna sindano iliyopita kati yao. Aliwapokea wauza vyombo, wahubiri, na jirani yetu ambaye hata sisi tulikuwa hatumpokei.

Nguruwe walikuja wiki ya tatu. Nilikuwa nimemlaza kwenye kibanda kule juu, na alfajiri nilimsikia. Mbwa wale hawabweki kama mbwa wengine. Wanaimba. Ni sauti ndefu inayoanzia tumboni, inapanda, inakatika, inaanza upya, na katika mabonde yetu iligonga huku na kule mpaka ukadhani ni mbwa kumi. Nilifurahi sana. Nilipofika juu nilikuta ameifuata njia ya nguruwe kuingia msituni, na sauti yake inazidi kwenda mbali. Huku nyuma nguruwe wengine walikuwa upande wa pili wa shamba, wanakula taratibu. Alirudi kesho yake mchana, amejaa mbegu za majani zinazonata mwili mzima, amefurahi, ana njaa.

Baadaye nilipata kuelezwa na mtu anayejua kwamba aina hiyo ilikuzwa kufuata sungura kwa kundi, na kazi yake ni kufuata na kuimba, ili watu wanaokuja nyuma wajue aelekeako. Kuua ni kazi ya watu wengine. Kulinda hakumo kabisa katika damu yake. Laiti ningeuliza swali moja zaidi siku ile ya maziwa.

Kisha akaja mwizi wa kuku. Usiku ule hatukusikia kitu chochote. Asubuhi mke wangu aliita tukaenda kuangalia: kuku wawili hawapo, na kwenye tope, kuanzia bandani hadi barabarani, kulikuwa na alama za buti la mvua, na pembeni yake, sambamba, hatua kwa hatua, alama za miguu ya mbwa. Zilipofika barabarani zile za buti zilikata kushoto. Za mbwa zilirudi peke yake, bila haraka.

Mke wangu alizitazama kwa muda. Akasema, “Kamsindikiza.”

Habari ilienea kijijini kabla ya adhuhuri, na kwa mwezi mzima nilikuwa nikisalimiwa kwa kuulizwa kama mgeni wangu alifika salama. Niliyameza. Kwa baba, hata hivyo, halikuwa jambo la mzaha. Mbwa hakuwa amelinda, hakuwa amewinda, na sasa ilionekana anashirikiana.

Na shida ya baba ilikuwa kubwa kuliko kuku. Katika nyumba nzima iliyojaa watu wa kupenda, mbwa alikuwa amemchagua yeye.

Kwa mtu asiyejua mambo yetu lazima nieleze. Mbwa akiwa mkavu na wewe mkavu, hakuna neno. Lakini akikugusa akiwa na maji, akakulamba au akakuwekea pua, basi mahali pale pameingia najisi, na panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Baba alikuwa akianza na ile ya udongo. Sasa, mbwa mkavu katika milima hii utampata wapi? Ukungu unashuka saa kumi jioni na kuondoka kesho yake saa nne. Majani yana umande mpaka mchana. Mwezi wa sita na wa saba hata nguo zilizoanikwa siku mbili zinakuwa bado mbichi. Na pua ya mbwa yule haikukauka hata siku moja, iwe jua, iwe mvua.

Baba alikuwa akitoka chumbani ametawadha, kanzu nyeupe, kofia, fimbo mkononi, na mbwa anatokea pasipojulikana na kumwekea pua mgongoni mwa mkono. Hapo baba alisimama. Hakupiga, hakufoka. Alirudi bombani, akainama, akachukua udongo kutoka kwenye chungu kilichovunjika mdomo ambacho alikiweka pale kwa kazi hiyo, akaanza. Maji ya bomba letu yanatoka chemchemi ya juu na yanauma kama upupu. Mzee wa miaka themanini na ushei, anaosha mkono mara saba kwenye baridi, anatawadha upya, anaenda msikitini amechelewa. Halafu akirudi, mbwa anamsubiri njiani, kwa sababu alikuwa ameifuata harufu ya viatu vyake na kuishia nje ya ukuta wa msikiti.

Tulijaribu kumfunga. Akaimba. Aliimba kutwa, na adhana ilipoanza kwenye kipaza sauti aliinua shingo akaimba pamoja nayo mpaka mwisho. Mara ya kwanza ilipotokea, baba alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Sikumbuki kuona aibu kubwa zaidi nyumbani kwangu.

Baada ya wiki kadhaa za hali hiyo, baba aliniita. Alikuwa amekaa kitandani kwake na vitabu vyake vimeshaingizwa kwenye boksi. Aliniambia bila hasira kwamba yeye hana ugomvi na kiumbe wa Mungu, ila mbwa asiye na kazi hana hoja ya kukaa hapa, na yeye pia hataki kuwa mzee anayemwamulia mwanawe nyumbani kwake. Kwa hiyo ataenda Mlola kwa mdogo wangu, mimi nibaki na mbwa wangu.

Nilikasirika kwa jinsi alivyolipanga jambo lile. Baba alijua kabisa nitachagua nini. Nilimwambia mbwa ataondoka, na siku hiyo hiyo nikampigia simu rafiki yangu wa Mgwashi, mtu ninayeuziana naye mitamba, ambaye alikuwa amewahi kumwona mbwa na kumsifia masikio. Akakubali kuja Jumamosi. Baba hakulifungua boksi. Alisema atasubiri Jumamosi ipite.

Alhamisi nilishuka Lushoto mjini kufuata dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kilichotokea nyumbani nilisimuliwa na mke wangu. Tulikuwa na matuta ya karoti karibu na nyumba, na fuko alikuwa ameingia. Fuko humwoni. Unaona tu majani ya karoti yanatikisika bila upepo, kisha yanazama ardhini taratibu, kama kuna mtu chini anavuta. Baba alikuwa amekaa juu ya ukuta wa mawe anaota jua. Mbwa alipita, akasimama juu ya tuta, akainamisha kichwa upande mmoja. Alisimama hivyo kwa muda ambao mke wangu anasema ungeweza kumenya viazi vya mtu mmoja. Halafu akaanza kuchimba.

Niliporudi nilikuta nusu ya tuta la karoti imelala juani. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akinisubiri, mkono mmoja ameuvika mfuko wa plastiki, na kwenye mkono huo ameshika fuko aliyekufa, meno ya mbele nje.

“Huyu mbwa anawinda,” akasema.

Nikamwonyesha karoti. Nikamwambia kwamba fuko huyo mmoja angechukua mwaka kula kiasi kile.

“Nimekuambia anawinda. Mwenye kuwinda ana hukumu yake. Mpigie mtu wa Mgwashi asije.”

Alisema kwa uso ule ule aliokuwa akiutumia kukata mashauri ya mirathi. Nilimwangalia vizuri na sikuona hata chembe ya mzaha. Nikaingia ndani kupiga simu, na nilipopita mlangoni kwake niliona boksi limeshafunguliwa na vitabu vimerudi juu ya meza. Mke wangu anasema vilirudi kabla hata sijafika, wakati fuko bado wa moto. Nilifurahi kupita kiasi, nikaenda bandani kukamua ili nisionekane.

Ni lazima niseme kwa haki kwamba mbwa hakukamata fuko mwingine tena maisha yake yote. Baba hakuliona hilo kuwa na uzito. Hukumu ilikuwa imeshatoka.

Kuanzia hapo walipanga utaratibu wao. Baada ya alasiri baba alivua kanzu, akavaa koti langu la zamani la kukamulia na suruali iliyochakaa, akaenda kukaa kwenye gogo nje ya banda. Mbwa alikuja akajiegemeza miguuni kwake, akamwekea pua mkononi, na baba akamwacha. Magharibi ikikaribia, koti lilitundikwa kwenye msumari, na baba akaenda bombani kwenye chungu chake cha udongo. Mke wangu alikuwa ameshampelekea maji ya moto kwenye ndoo. Mara saba, kisha udhu, kisha kanzu, kisha msikitini, na kwa kuwa mbwa ameshapata sehemu yake, hakumfuata tena.

Wakiwa pale kwenye gogo, baba alikuwa anazungumza. Huyu mtu ambaye mezani alijibu kwa kichwa, alimweleza mbwa mambo, kwa Kishambaa, saa nzima. Mwanzoni nilicheka. Siku moja nilikuwa nakata majani ya ng'ombe jirani na pale, nao hawakuniona, nikasikia anachosema. Alikuwa anazungumza habari zangu. Alimwambia mbwa kwamba mimi hupanda viazi nikiwa nimechelewa kila mwaka, kwamba sauti yangu kwa ng'ombe ni kali kama ya babu yangu, na kwamba siku aliyofariki mama nilifanya kila kitu vizuri, kaburi, watu, chakula, na sikukaa chini hata mara moja, na yeye alikuwa anatamani nikae.

Niliumia. Nilibeba majani yangu nikapita njia ndefu ya nyuma. Sikumwonea mbwa wivu, au labda nilimwonea, nilikuwa na miaka hamsini na tatu na sikuwa na muda wa kuchunguza. Nilijiuliza tu ni kitu gani alichokuwa nacho. Jibu nililolipata ni la kawaida sana. Mbwa wa aina ile hana kazi nyingine anapokaa na mtu. Haangalii mlango, hangoji kuagizwa, hana shamba. Akishakuwekea kichwa miguuni, yupo. Mimi kila nilipokaa na baba nilikuwa na ndoo mkononi.

Nilijaribu kujirekebisha. Siku mbili tatu nilienda kukaa kwenye gogo lile. Baba akaniuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa.

Walikaa hivyo karibu miaka mitatu. Mbwa alinenepa, akaota mvi mdomoni. Baba alipungua. Kipupwe kimoja miguu yake ilianza kuvimba, kisha kifua, na hospitali walimlaza siku kadhaa wakaturuhusu turudi naye nyumbani, kwa maneno ya upole ambayo tuliyaelewa. Tukamweka kwenye kitanda cha chumba cha mbele, kwenye dirisha. Alibaki kuwa yeye. Alijikokota chooni na fimbo, aliswali amekaa, na kuoga alioga mwenyewe mlango umefungwa, hata kama ilimchukua saa nzima na sisi tumesimama nje tunasikiliza kama ameanguka. Mdogo wangu alikuja kutoka Mlola akajitolea kumwogesha. Baba akamwambia asante, bado ana mikono.

Alasiri ilipofika kila siku mbwa alikwenda kwenye gogo, akakuta hakuna mtu, akainusa ardhi kuzunguka nyumba mpaka chini ya dirisha. Hapo alikaa akaimba. Wageni waliokuja kumjulia hali mzee hawakupenda, kuna wanaosema mlio ule unaita mauti. Mke wangu alipendekeza tumpeleke kwa jirani kwa muda. Baba, aliyekuwa amelala na tulidhani hasikii, alisema mwacheni.

Siku nne kabla hajafariki, saa tisa hivi, tulikuwa peke yetu, mimi na yeye. Wengine walikuwa shambani. Nje kulikuwa na manyunyu. Mbwa alianza. Baba akafungua macho akaniambia, “Mlete.”

Nikafikiri amechanganyikiwa. Mbwa hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Nikamwambia, “Tate, ni mbwa. Amelowa. Na wewe una udhu.”

“Najua ni mbwa,” akasema. “Utaniosha.”

Nikaenda nikamleta kwa kamba. Ningependa kusema kwamba aliingia kwa utulivu kama aliyejua. Aliingia akivuta, akanusa viatu, akanusa fimbo, akanusa mguu wa kitanda kwa umakini usio na sababu. Kisha akaufikia mkono wa baba uliokuwa unaning'inia pembeni. Akaulamba, kiganja, vidole, katikati ya vidole, mgongoni hadi kwenye kifundo. Baba alifumba macho. Ilikuwa dakika moja au mbili. Halafu mbwa akagundua kibakuli cha uji chini ya kitanda, akakimaliza, na kibakuli kikasukumwa hadi ukutani. Baba akacheka, cheko lililomletea kikohozi. Akanionyesha kwa kidevu nimtoe.

Nilirudi na beseni, birika la maji ya uvuguvugu, na udongo niliouchota kwenye chungu chake. Nilikaa chini, sakafuni, kwa sababu kitanda kilikuwa cha chini na hakukuwa na namna nyingine. Nikaushika mkono wake. Ulikuwa mwepesi, ngozi inateleza juu ya mifupa, kucha amezikata vizuri mwenyewe. Nikaupaka udongo, nikasugua, nikamimina maji. Moja. Nikamimina tena, nikapitisha vidole vyangu kati ya vyake. Mbili. Kwa ya nne maji yalikuwa meupe kabisa. Nilihesabu kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu alinifundisha kuhesabu yeye, na kwa sababu nilijua ikifika saba nitapaswa kuuweka mkono ule juu ya blanketi na kuinuka kubeba beseni.

Saba. Nikachukua taulo.

“Umeruka moja,” baba akasema.

Sikuwa nimeruka. Alijua, maana alikuwa anahesabu pamoja nami, niliiona midomo yake. Nikaweka taulo chini, nikainua birika, nikamimina tena.